Kufuta Kabla ya Kuandika: Istilahi za Kumbukumbu ya Flashi na Mita za Yaka za Jinja na Mbale

Tarehe 24 Novemba 2024, mita za umeme wa kulipia kabla zinazofuata kiwango cha kimataifa cha STS zilifikia ukomo wa hesabu: dakika zilizohesabiwa tangu 1993 zilijaza biti 24. Nchini Uganda, wateja wa Yaka, wa Jinja na Mbale wakiwamo, walipewa namba za tarakimu 20 waziingize kwa mkono kabla ya tokeni ya umeme. Mita ilipozikubali ilipokea ufunguo mpya wa siri na kufuta orodha ya tokeni zilizotangulia. Jinja, ambako bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954, kubadili kumbukumbu ya kielektroniki kukawa kazi ya mwenye nyumba.

Kitenzi “kuandika”, tulichozoea kukitumia kwa kazi hiyo, kinaficha nusu yake. Chipu za EPROM za miaka ya 1970 zilifutwa kwa miali ya urujuanimno kupitia kidirisha cha kwatzi. Fundi alisubiri dakika kadhaa, na tofauti kati ya kufuta na kuandika ilionekana kwa macho. Fujio Masuoka wa Toshiba alipowasilisha kumbukumbu ya flashi mwaka 1984, jina lenyewe lilitokana na ufutaji: mwenzake, Shoji Ariizumi, aliufananisha na mmweko wa kamera. Mwaka 1993 Atmel ikaiingiza katika maikrokontrola. Humo elektroni hunaswa ndani ya geti iliyozungukwa na kihami. Kuandika hugeuza 1 kuwa 0. Kuirudisha 1 hulazimu kufuta ukurasa au bloku nzima. Katika ATmega328P, yenye kilobaiti 32, ukurasa ni baiti 128, nayo imekadiriwa kustahimili mizunguko 10,000. (Ajabu kwa mwanaisimu: kilichofutwa husomeka 1, si utupu.)

Mafundi simu husema “kuflashi”. Niliwahi kulidharau neno hilo; hata hivyo linabeba kufuta na kuandika pamoja, jambo ambalo “kuandika upya” halifanyi. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na miongozo ya vifaa itakayotungwa kwa lugha hiyo haina budi kuzitaja hatua mbili waziwazi. Anayesoma “andika upya” ataamini kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi, programu ya zamani ingalipo. Huenda bloku imekwisha kufutwa, na kifaa kisiwake tena.