Buti lipi?

Mwambie fundi wa Ruiru kwamba buti limepasuka, naye huenda akazunguka nyuma ya gari kukagua sehemu ya mizigo. Neno hili linabeba mengi: kiatu kizito, pale tunapopakia mizigo, na ule mpira wenye mikunjo unaofunika siivii, yaani kiungo cha ekseli kinachoruhusu gurudumu la mbele kupinda bila kasi yake kuyumba. Yote tumeyachukua kwa Kiingereza, na sioni haja ya kulifukuza neno. Ninachoomba ni tulikamilishe: buti la siivii.

Utata huu una gharama, kwa kuwa unachelewesha matengenezo. Mpira ukichanika, mzunguko hurusha grisi nje, na utaona madoa meusi upande wa ndani wa rimu. Vumbi jekundu la barabara za mitaani, pamoja na maji ya mvua, huchukua nafasi ya grisi na kusaga gololi za siivii. Ukiwahi, fundi atashusha ekseli, aisafishe, ajaze grisi mpya na kuvisha buti jingine. Ukingoja mpaka gari lilie tak-tak-tak kwenye kona, buti jipya halitaponya kitu. Utazunguka Thika ukitafuta ekseli nzima, mara nyingi iliyotumika.

Tena kila ekseli ya mbele ina mabuti mawili, la upande wa gurudumu na la upande wa giaboksi. Kwa hiyo agiza hivi: buti la siivii, la nje, kushoto.