Injini ya msumeno angani: kwa nini marubani hawakuiamini?

Kama umewahi kusikia msumeno wa mnyororo ukikata mti, au kuona pikipiki ya zamani ikitoa moshi wa buluu, basi injini ya mipigo miwili unaijua tayari. Sasa jiulize: ungekubali ikubebe angani?

Wapo waliokubali. Mwaka 1933, Mfaransa Henri Mignet alirusha HM.14, ndege ndogo ya kujitengenezea nyumbani, kwa injini ya aina hii yenye nguvu ya farasi 17 tu. Sababu ni rahisi. Injini hii haihitaji vali kama za gari, na huwaka kila krenki inapozunguka mara moja, siyo mara mbili. Unapata nguvu nyingi kwa uzito mdogo na bei nafuu.

Tatizo liko kwenye oili. Kwa kawaida huchanganywa na petroli, kwa hiyo petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Hebu fikiria rubani anashuka. Amepunguza mafuta, lakini upepo bado unazungusha pangaboi. Injini inakwenda kasi huku ikipata oili kiduchu. Pistoni inapata joto, inatanuka, inakwama kwenye silinda. Mafundi wa mtaani wangekwambia: imenoki.

Mwaka 1973 Mfaransa mwingine, Michel Colomban, alileta Cri-Cri, ndege yenye mabawa ya mita 4.9 hivi. Yeye alifunga injini mbili. Ujanja, siyo? Lakini kumbuka, injini mbili zinaongeza pia uwezekano wa moja kuharibika. Zinasaidia pale tu inayobaki inapoweza kuibeba ndege, na ya Cri-Cri iliweza. Tena zilikaa karibu karibu puani, hivyo moja ikizima ndege haikuvutwa sana upande.

Kampuni ya Rotax ya Austria, iliyouza injini nyingi za aina hii, iliweka mifumo miwili ya kuwasha plagi, lakini bado vitabu vyake vilionya kwamba injini inaweza kuzima ghafla. Ukarabati mkubwa ulitakiwa kila saa 300. Rotax 912, ya mipigo minne, ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi walihamia huko.

Kilichookoa maisha kabla ya hapo kilikuwa mazoea. Ndege nyepesi hutua polepole, hivyo uwanja mdogo ulio wazi unaweza kutosha. Rubani alifundishwa kujiuliza safari nzima: ikizima sasa hivi, natua wapi?