Dawa za Ebola: kwa nini ilipigwa kura?

Ku Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018, mgonjwa wa Ebola aliyekubali kuingia katika utafiti wa Pamoja Tulinde Maisha alipewa moja kati ya dawa nne. Munganga hakuchagua dawa, ilichaguliwa na kura. Swali la wengi ni la haki: kama wanganga wanajua dawa, kura ni ya nini?

Jibu linaanzia Kikwit, mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walitia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba wakapona, na katika mlipuko ule karibu watu 8 juu ya 10 walikuwa wanakufa. Kutoka mambo machache yaliyoonekana kwenda kwenye wazo kubwa, watafiti wanaita induksio. Inavutia, lakini ina mtego. Wale nane walipata damu wakati mlipuko ulikuwa unaelekea mwisho, matunzo yakiwa mazuri zaidi, na wengine walikuwa wamekwisha pita siku za hatari. Pengine wangepona tu hata bila ile damu! Hakukuwa na kundi la kulinganisha.

Hata hivyo kulibaki jambo la kueleza. Maelezo yaliyofaa zaidi: damu ya aliyepona ina kingamwili, ni kusema askari wa mwili wanaotambua virusi. Kukisia sababu namna hiyo ni abduksio. Ni makisio tu, bado si ushahidi.

Halafu inakuja deduksio: ikiwa kingamwili ndiyo inaponyesha, basi hata ikitolewa peke yake inapaswa kulinda. Kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, kulipatikana kingamwili iliyoitwa mAb114. Nyani walioambukizwa Ebola wakapewa ile, wakapona. Kwa watu, ilipaswa kupunguza vifo kuliko dawa nyingine.

Hapo ndipo kura ilihitajika. Munganga akichagua mwenyewe, anaweza kumpa aliye mahututi dawa anayoiamini zaidi, na kulinganisha kunaharibika. Hakuna aliyeachwa bila dawa: ZMapp, iliyojaribiwa mbele Afrika ya Magharibi, ndiyo ilikuwa kipimo. Utafiti ulipokea wagonjwa 681. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa, na remdesivir haikufanya vizuri zaidi. Kwa mAb114 walikufa 35 juu ya 100, kwa REGN-EB3 karibu 34. Agosti 2019 ZMapp na remdesivir zikaondolewa katika kura, wagonjwa wakapewa hizi mbili tu.

Waliofika na virusi kidogo katika damu, wakapewa moja ya hizo mbili, karibu 1 juu ya 10 tu ndiye alikufa. Lakini hesabu haisemi kwa nini mwengine alichelewa nyumbani. Hapo inabidi kukaa na watu na kuwasikiliza: juu ya maziko, juu ya vita, juu ya uchaguzi ulioahirishwa Beni na Butembo mwisho wa 2018, Ebola ikiwa moja ya sababu zilizotolewa.