Nimonia ya simbilisi

Nimonia ya simbilisi ni uvimbe wa mapafu unaompata simbilisi (*Cavia porcellus*), mnyama mgugunaji mwenye asili ya Andes, Amerika Kusini, anayefugwa kama kipenzi, kitoweo au mnyama wa maabara. Visababishi vikuu ni bakteria *Bordetella bronchiseptica* na *Streptococcus pneumoniae*. Sungura na mbwa wanaweza kubeba *Bordetella* bila kuugua, hivyo simbilisi hutengwa nao.

Dalili ni chafya, makamasi, macho yenye tongo, manyoya kusimama, kupumua kwa shida na kukataa chakula. Simbilisi hupumua hasa kwa pua, kwa hiyo makamasi yaliyoganda hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Tiba huwa ni antibiotiki iliyochaguliwa na daktari wa mifugo. Penisilini na amoksilini za kumeza huepukwa, kwa kuwa huua bakteria wa kawaida wa utumbo na kuacha wale wa sumu wazaliane, jambo linaloweza kumuua mnyama. Vitamini C huongezwa, kwani mwili wake hauitengenezi. Asipokula, utumbo husimama. Kwa hiyo hulishwa uji wa nyasi iliyosagwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, likiingizwa pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo ili asipaliwe. Uzito hupimwa kila siku.

Mgonjwa hutengwa katika banda kavu lisilo na vumbi, lenye joto la nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi. Matandiko yaliyolowa mkojo hutolewa mara moja, kwa sababu amonia huwasha njia ya hewa.