Ukakamavu wa Nani? Barua ya Mzee Itosu na Watoto wa Shuri

Mwezi Oktoba 1908, katika kisiwa cha Okinawa, mzee wa miaka sabini na kitu aliandika barua yenye vipengele 10. Jina lake Itosu Anko. Ujanani alikuwa karani katika serikali ya mfalme wa Ryukyu. Sasa mfalme hayupo, kasri halina mwenyewe, na karani anafundisha watoto wa shule kupiga ngumi na mateke. Barua yake iliwalenga wakubwa wa elimu na wa jeshi la Japani, na ombi lake halizunguki: karate ifundishwe kuanzia shule ya msingi.

Watu wa karate wanaijua barua hii, wengine wameibandika ukutani. Sisi wa vitabu hatuna habari nayo, na nadhani tunakosa kitu, maana ndani ya kurasa chache sauti mbili zinagombania kalamu moja.

Sauti ya kwanza ni ya mwalimu. Anasema sanaa hii si ya kumtafutia mtu ugomvi. Ni ya kujikinga ukivamiwa na muhuni au jambazi, na hata hapo ujitahidi usimuumize mtu. Anasema haina njia ya mkato. Mwanafunzi aende kama ng'ombe, pole pole, na mwisho wa siku maelfu ya maili yataisha. Afanye mazoezi saa moja au mbili kila siku, kwa miaka mitatu au minne, ndipo mwili uanze kubadilika. Hiyo ni sauti ya mtu aliyefundisha muda mrefu akachoka kudanganywa na wanaotaka matokeo wiki ijayo.

Sauti ya pili ni ya mwombaji. Mzee anawaambia wakubwa kwamba mtoto aliyeanza karate shuleni atakuja kulifaa jeshi, na kama ushahidi anamtaja, amini usiamini, Wellington! Yule jenerali wa Uingereza aliyemshinda Napoleon mwaka 1815, ambaye anasifika kusema kwamba vita ya Waterloo ilishindwa kwenye viwanja vya michezo vya shule. Wanahistoria wengi wanaona Wellington hakusema hivyo kamwe. Lakini msemo ulikuwa umeshapanda meli, ukavuka bahari mbili tatu, ukamfikia mzee wa Okinawa, naye akautumia.

Kama umewahi kuandika andiko la mradi kwa mfadhili, unaijua sauti hii ya pili. Una kitu chako unachokipenda. Mwenye fungu ana neno lake la msimu huu. Basi unachukua kitu chako unakivika neno lake. Japani ya 1908 ilikuwa imetoka kuishinda Urusi miaka mitatu nyuma, na neno la msimu lilikuwa askari.

Okinawa yenyewe ilikuwa katika hali gani? Ufalme wa Ryukyu ulifutwa mwaka 1879, mfalme Sho Tai akahamishiwa Tokyo, visiwa vikafanywa mkoa. Mwaka 1898 vijana wa huko wakaanza kuandikishwa jeshini kwa lazima. Shule zilikuwa na kazi ya kumgeuza mtoto wa Ryukyu awe Mjapani. Katika miaka hiyo hiyo ya Itosu, mtoto aliyeponyokwa na neno la kwao darasani alianza kuvishwa shingoni kipande cha mbao, akae nacho mpaka amkamate mwenzake aliyeteleza kama yeye, amvishe. Waliomsoma Ngũgĩ wa Thiong'o akisimulia shule za Kenya ya mkoloni wanakijua kitu hicho. Kumbe kilikuwa na ndugu yake Bahari ya Pasifiki.

Kwa hiyo tunapouliza karate iliingiaje shuleni, tukumbuke ni shule ya namna gani. Iliingia shule ya msingi ya Shuri mwaka 1901, na mwaka 1905 Itosu akaanza kufundisha katika Shule ya Kati ya Kwanza ya mkoa. Inasimuliwa kwamba madaktari waliokagua vijana wa jeshi walivutiwa na miili iliyojengeka ya wanafunzi wake wawili, Yabu Kentsu na Hanashiro Chomo, wakauliza hawa wamekula nini. Simulizi hiyo imerudiwa mara nyingi hata haijulikani imeongezwa chumvi kiasi gani. Lililo wazi ni kwamba Yabu alikwenda vitani China mwaka 1894, akarudi na cheo, kisha akafundisha karate katika chuo cha ualimu. Mwanajeshi anayewafundisha walimu wa kesho. Mzee Itosu aliliona hilo. Katika barua anapendekeza kwamba wahitimu wa ualimu wakatawanye sanaa hii shule hadi shule.

Nikae kidogo hapa, kwenye kile kilichobadilishwa, kwa sababu ndipo ukakamavu wa mtoto ulipopewa maana mpya.

Kabla ya hapo karate haikuwa na darasa. Funakoshi Gichin, aliyezaliwa Shuri mwaka 1868 na ambaye baadaye ndiye aliyeipeleka Tokyo, ameandika juu ya utoto wake katika kitabu cha maisha yake. Alizaliwa njiti, dhaifu, na watu hawakudhani angekua. Shuleni alisoma na mtoto wa Azato Anko, bingwa na rafiki wa Itosu, na kwa urafiki huo akaingia katika ua wa Azato. Alikwenda usiku, kwa siri, na alirudi alfajiri. Alichofundishwa kilikuwa kata moja. (Si kata ya diwani. Ni mfuatano wa mapigo na mikingo unaofanywa peke yako, kama kwamba maadui wamekuzunguka.) Aliirudia kata hiyo hiyo usiku baada ya usiku, mwezi baada ya mwezi, na Azato ameketi barazani akitazama. Mzee hakuwa na maneno: arudie, bado kidogo. Siku nzuri sana alipata neno moja la sifa. Kata tatu, anasema Funakoshi, zilimchukua miaka kama 10.

Ukisoma sehemu hiyo ya kitabu unaelewa ukakamavu wa zamani ulikuwa nini. Hakuna aliyemfokea. Hakupigwa. Hakukuwa na mkanda wa rangi wa kumsubiri mwisho wa muhula. Mikanda myeusi ya kwanza ya karate aliitoa yeye Funakoshi mwenyewe mwaka 1924, akiwa mtu mzima huko Tokyo, kwa kuiga judo. Kilichokuwepo ni kuchosha. Mtoto na jambo lile lile, gizani, na mtu mzima mmoja aliyekuwa tayari kupoteza usingizi wake amwangalie. Mtoto alijifunza kukaa na aibu ya kutokuweza, mbele ya macho ya mtu anayemjali.

Sasa mpe Itosu ua uliojaa wavulana 50 au zaidi na kipindi cha muda mfupi. Afanyeje? Alitunga kata mpya tano, zilizopewa jina Pinan, fupi na rahisi kuliko zile za wazee, akichota humo humo katika kata ndefu kama Kushanku. Mapigo ya hatari yalifichwa au yakapewa maelezo mengine, maana huwezi kumfundisha mtoto wa darasa la nne kuvunja koo la mtu kisha ukamtuma nyumbani. Watoto wakapangwa safu. Mwalimu akaita namba, wote wakapiga pamoja, wakageuka pamoja. Kwa Kiswahili chetu hilo lina jina, ni kwata.

Wapo wapenzi wa karate wanaomlaumu mzee kwamba aliipunguzia sanaa makali. Siungi mkono. Bila yeye pengine ingekufa na kizazi chake, uani mle mle. Wala kata fupi si dhambi. Mwalimu yeyote anafupisha. Kilichonigusa mimi ni kingine: katika ua wa Azato, aliyeamua kwamba pigo limekamilika alikuwa mwalimu akimtazama mtoto huyu, na taratibu mtoto mwenyewe akaanza kujua. Katika safu, pigo limekamilika namba inayofuata ikiitwa. Uvumilivu ukageuka utii, na kwa mbali vitu hivyo viwili vinafanana sana. Mtoto ametulia, hatikisiki, hasemi kitu. Mzazi anapita anasema, tazama, ana adabu. Lakini mmoja anajishika mwenyewe na mwingine ameshikwa.

Hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Tuliosoma shule za Tanzania tunaukumbuka mchakamchaka, alfajiri na mapema, nyimbo na vumbi. Wengine ulitujenga kweli. Wengine walijifunza tu kukimbia katikati ya kundi, ambapo fimbo haifiki.

Mwaka 1945 vita vilifika Okinawa. Marekani ilishusha askari kisiwani tarehe 1 Aprili, na mapigano yakaendelea hadi mwishoni mwa Juni. Jeshi la Japani liliwakusanya wavulana wa shule za kati na wa chuo cha ualimu, wengine wa miaka 14, likawaunda kikosi kilichoitwa cha Chuma na Damu kwa ajili ya Mfalme. Wadogo zaidi walipewa kazi ya mawasiliano: kutengeneza nyaya na kupeleka ujumbe kwa miguu huku makombora yakidondoka. Wasichana waliuguza majeruhi mapangoni. Miongoni mwa shule zilizotoa wavulana ilikuwepo Shule ya Kati ya Kwanza, pale pale Shuri, ile aliyoanza kufundisha Itosu miaka 40 kabla. Karibu nusu ya wavulana waliochukuliwa kisiwani kote hawakurudi.

Itosu alikufa mwaka 1915, hakuyaona hayo. Na tusiitwishe karate mzigo ambao si wake. Nyimbo, vitabu vya kiada na picha ya mfalme viliwaandaa wale watoto kuliko ngumi yoyote. Ila barua ilikuwa imeahidi askari, na ahadi ilitimizwa kwa namna ambayo mwandishi wake, aliyesema usimuumize hata jambazi, sidhani aliiwaza.

Baada ya vita Wamarekani waliotawala walipiga marufuku sanaa za mapigano katika shule za Japani. Judo ilirudi mwaka 1950. Mwaka 2012 serikali ilizifanya kuwa somo la lazima shule za kati, kwa sababu zile zile tunazozisikia huku kwetu: heshima, nidhamu, moyo wa kustahimili. Wazazi fulani walipinga, nao walikuwa na sababu. Katika muda usiofika miaka 30 tangu 1983, zaidi ya wanafunzi 100 walikuwa wamekufa kutokana na judo shuleni, wengi kwa kuumia kichwa, na wengi walikuwa wageni wa mchezo, hata kuanguka walikuwa hawajajua. Huyu alirushwa mara nyingi mfululizo na mkubwa wake. Yule alisema kichwa kinauma akaambiwa asidekeze mwili. Wazazi hao waliielekezea kidole Ufaransa, nchi yenye wanajudo wengi kuliko Japani yenyewe, wengi wao watoto, ambako huruhusiwi kufundisha bila cheti cha serikali. Judo ni ile ile.

Hapo Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, angekuwa na la kusema. Yeye naye alikuwa mtoto mdogo wa umbo, mwenye kuonewa bwenini, aliyekwenda kutafuta mbinu mwenyewe. Alipoanzisha Kodokan mwaka 1882, kwenye chumba cha hekalu chenye mikeka 12, alikuwa na wanafunzi wasiofika kumi. Na alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mpiganaji. Aliongoza chuo kikuu cha ualimu cha Tokyo kwa miaka mingi. Inanishangaza kila mara: Kano na Funakoshi, watu wawili walioueneza mchezo huu duniani, walikuwa watoto dhaifu ambao hakuna aliyewapeleka kwa nguvu.

Jumamosi asubuhi, katika kumbi za Dar es Salaam na Nairobi, utawakuta watoto wamejipanga kwa safu, nguo nyeupe zimewazidi, wakihesabu kwa sauti: ichi, ni, san, shi. Nje wazazi wanasubiri. Ukiwauliza, wengi watakwambia wamemleta ajifunze kujiamini, asionewe shule, apunguze kulialia. Ni haja ya kweli. Mimi simcheki mzazi anayetaka mtoto wake asivunjike. Ningependa tu aache simu kidogo akatazame ndani. Kitu cha kuangalia ni mwalimu. Je, kuna dakika yoyote anaposimama mbele ya mtoto mmoja? Mtoto akisema inauma, kinafuata nini? Na yule anayekosea hatua ya tatu kila wiki, anacheka naye, anamfanya mfano, au anamwambia arudie?

Kata wanazoanza nazo wengi wa watoto hao ni zile zile tano za Itosu. Funakoshi alizibadilisha jina akiwa Tokyo, akaziita Heian, kwa sababu Pinan lilikuwa na ladha ya Kichina na wakati huo ladha hiyo haikuuzika. Herufi zimebaki zile zile, ni matamshi tu yaliyogeuka. Maana yake ni amani na utulivu.