Kurejea au Kurejeshwa? Istilahi ya Takwimu na Mchezaji Aliyehama Timu

Novemba 2022 timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers iliachana na Cody Bellinger. Miaka mitatu nyuma, mwaka 2019, alikuwa Mchezaji Bora wa National League, msimu aliopiga mipira 47 ikavuka uzio. Kisha Oktoba 2020 bega lake la kulia likateguka, akapasuliwa, na upigaji wake ukaporomoka. Mwaka 2021 wastani wake ulikuwa 0.165, mwaka 2022 ukawa 0.210. Chicago Cubs wakamsajili kwa mwaka mmoja, dola milioni 17.5. Msimu wa 2023 akapiga 0.307, akatwaa tuzo ya ligi hiyo kwa mchezaji aliyeanguka akasimama tena.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, hesabu yake ni nyepesi. Chukua idadi ya mapigo yaliyomfikisha mpigaji kituoni salama, gawa kwa zamu zake za kupiga zinazohesabiwa. Anayefaulu mara 3 katika zamu 10 ana 0.300, na huyo ni hodari. Aliye chini ya 0.200 kwa muda mrefu yuko hatarini kupoteza kazi.

Anayeziangalia tarakimu za Bellinger ana kauli tayari mdomoni: "Cubs wamemrejesha." Sentensi ni fupi na Kiswahili chake ni safi, lakini imebeba hukumu. Ukisema mchezaji amerejea, umeeleza kilichotokea. Ukisema wamemrejesha, umeongeza kiambishi kimoja cha kauli ya kutendesha, na kwa kiambishi hicho umekwisha kumtaja aliyesababisha. Takwimu zina istilahi inayotuzuia kuvuka kutoka neno la kwanza kwenda la pili bila ushahidi. Istilahi hiyo inastahili jina zuri la Kiswahili.

Dhana yenyewe

Kipimo chochote chenye chembe ya bahati hupanda na kushuka. Kikitoka mbali sana na kawaida leo, kipimo kinachofuata cha mtu yuleyule huelekea kuwa karibu zaidi na kawaida, hata kama hakuna aliyefanya lolote. Sababu yake ni kwamba matokeo mabaya kupita kiasi mara nyingi ni ufundi uliopungua kidogo pamoja na bahati mbaya iliyozidi. Ufundi mtu hulala nao na kuamka nao. Bahati ya jana haimdai ya leo.

Mfano wake maarufu umetoka katika besiboli yenyewe. Mwaka 1977 wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris waliandika katika jarida la Scientific American kuhusu wapigaji 18 wa msimu wa 1970. Walichukua zamu 45 za kwanza za kila mmoja, wakazilinganisha na zamu zake zote zilizobaki msimu ule. Wanane waliotangulia juu walishuka wote. Roberto Clemente, aliyeongoza kwa 0.400, alimalizia kwa 0.346. Kati ya kumi waliokuwa chini, tisa walipanda.

Wawili wa mwisho katika orodha ile ndio wanaojibu swali letu, kama ni timu mpya inayomwinua mchezaji aliyedorora. Thurman Munson wa New York Yankees alikuwa amepata mapigo 8 tu katika zamu 45, yaani 0.178. Hakuhama. Zamu zilizobaki alipiga 0.316, na mwisho wa mwaka akatangazwa mchezaji chipukizi bora wa American League. Chini yake kabisa alikuwa Max Alvis, mwenye 0.156. Huyu alikuwa ametoka kuhamishwa, Aprili mwaka uleule, kutoka Cleveland kwenda Milwaukee. Naye alipanda, lakini akaishia 0.200, na msimu ule ukawa wa mwisho kwake katika ligi kuu. Aliyebaki alirejea kwa kishindo. Aliyepata timu mpya alipanda kidogo akakwama. Lau Munson angeuzwa wiki ile, sifa zote zingeiendea timu iliyomnunua.

Neno lilipotoka

Aliyeipa dhana hii jina ni Mwingereza Francis Galton. Mwaka 1886 alichapisha uchunguzi wa vimo vya watoto 928 waliokwisha kukua, wa jozi 205 za wazazi. Aliona kuwa wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa kawaida wasiofikia urefu wao. Na wazazi wafupi sana huzaa watoto wanaowazidi kidogo. Jina alilolitumia lilimaanisha kurudi nyuma kuelekea hali isiyo bora wala mbaya. Baadaye wanatakwimu waliiondoa hiyo "hali isiyo bora", iliyokuwa na harufu ya dharau, wakaweka neno la hesabu: wastani. Sehemu ya kwanza, kurudi nyuma, waliiacha ilivyo.

Hapo ndipo penye shida kwa mfasiri. Munson alipotoka 0.178 kwenda 0.316 alikwenda mbele. Akiambiwa kwamba "amerudi nyuma", msomaji atashangaa, na ana haki ya kushangaa.

Maneno yanayoshindania nafasi

Njia ya kwanza ni kukopa neno la Kiingereza, tukasema rigresheni. Neno hili lina kazi yake halali darasani, kwa mbinu ya kuchora mstari unaohusisha vipimo viwili. Kwa dhana yetu halitoshi. Msomaji wa kurasa za michezo hatapata ndani yake picha yoyote.

Njia ya pili ni mrejeo au marejeo. Marejeo tayari ni orodha ya vitabu mwishoni mwa andiko, na mrejeo umekwisha kuzoeleka kwa maana ya majibu anayopewa mtu kuhusu kazi yake. Tena tukisema "mrejeo wa wastani" tunaingia mtego mwingine, kwa sababu "wa wastani" kwa Kiswahili ni sifa. Mtu wa wastani si mrefu wala mfupi. Bei ya wastani si kali. Mrejeo wa wastani utasikika kama kurudi kwa kiasi, kusiko kukubwa wala kudogo. Maana yote imepotea katika kihusishi kimoja.

Njia ya tatu ni kurudi. Neno hili ni la kila siku na lina utajiri unaotaka kuchungwa. Nguo ikifuliwa ikapungua, tunasema imerudi. Mzazi akimkanya mtoto, tunasema amemrudi. Maana hii ya pili inagusa kiini cha kosa ambalo istilahi yetu imekuja kulirekebisha. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia jinsi wakufunzi wa marubani katika jeshi la anga la Israeli walivyompinga alipowafundisha kuwa sifa hujenga kuliko ukali. Walimwambia kuwa mwanafunzi wakimsifu kwa urushaji mzuri, mara ifuatayo huvurunda. Wakimkaripia kwa urushaji mbaya, mara ifuatayo hufanya vizuri. Walichokiona ni kweli. Sababu waliyoitoa ndiyo haikuwa kweli, kwa maana aliyerusha vizuri kupita kawaida yake angeshuka hata wangenyamaza, na aliyevurunda angepanda.

Waswahili nasi tuna methali ya jambo hilihili: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huenda ipo tabia hiyo ya kulewa sifa. Lakini mgema husifiwa lini? Husifiwa siku ambayo tembo lake limetoka tamu kuliko siku zote, na baada ya siku kama hiyo inayofuata ni siku ya kawaida. Kabla ya kumtuhumu kwamba ametia maji, tujiulize kama jana haikuwa siku yake ya kipekee.

Njia ya nne, ninayoitetea, ni kurejea wastani. Kitenzi rejea hupokea mahali moja kwa moja, kama tusemavyo kurejea nyumbani, kwa hiyo kihusishi chenye utata hakihitajiki. Hakimwambii mtu kwamba anapanda au anashuka: Clemente alirejea wastani kwa kushuka, Munson kwa kupanda. Kinafanya kazi kama jina na kama kitenzi, hivyo mwandishi ataandika "mpigaji huyu anarejea wastani" na "kurejea wastani kwake kulitarajiwa". Zaidi ya yote, hakimtaji msababishi. Anayetaka kumtaja itambidi aongeze kiambishi, na akikiongeza anadaiwa ushahidi.

Wastani upi?

Istilahi ikitumiwa ovyo huwa ahadi ya uongo. Baada ya dhiki faraja, lakini takwimu hazimwahidi kila mtu faraja iliyo sawa. Mchezaji hurejea wastani wake mwenyewe kuliko wa ligi nzima, na wastani huo unaweza kuhama.

Unaweza kushuka. Chris Davis wa Baltimore Orioles alipiga mipira 53 nje ya uzio mwaka 2013. Mwaka 2018 wastani wake ulikuwa 0.168, na kati ya mwisho wa msimu ule na Aprili 2019 alipitisha zamu 54 mfululizo bila pigo hata moja. Hakurudi kuwa yule wa 2013. Mwaka 2021 akastaafu. Kwake, aliyekuwa akingoja wastani wa zamani alikuwa akingoja mtu mwingine.

Unaweza pia kupanda. J.D. Martinez alipiga 0.250 akiwa Houston Astros mwaka 2013. Baada ya msimu akaufumua upigaji wake na kuujenga upya, gongo likapita njia nyingine. Houston walimwachilia Machi 2014, Detroit Tigers wakamchukua, akapiga 0.315. Huyu hakurejea popote; alikwenda mahali papya. Na kazi ile aliifanya kabla ya kuvaa jezi ya Detroit.

Kwa hiyo swali kama mchezaji aliyedorora atainuka katika timu mpya lina maswali matatu ndani yake. Je, mapigo yake yalikuwa mazuri ila mipira ilikuwa ikiangukia mikononi mwa wadakaji? Hapo atarejea wastani popote atakapokuwa. Je, mwili umechoka au umeumia? Hapo tabibu na umri ndio wenye neno. Je, kuna kitu katika ufundi ambacho kimebadilishwa, nani amekibadilisha, na lini? Ni hapo tu, jibu likiwa ni kocha mpya, ndipo kurejeshwa kunapokuwa neno la haki.

Kwa Bellinger bega lilihitaji muda kupona, na muda aliupata. Mwaka 2024, akiwa na Cubs walewale, alipiga 0.266. Msimu wake wa kwanza kabisa, 2017, alipiga 0.267. Ile 0.307 nayo ilikuwa juu ya kawaida yake, na kama ambavyo Cubs hawakustahili sifa zote za kupanda kwake, hawakustahili lawama ya kushuka.

Nawaomba walimu wa takwimu waliingize neno hili darasani, na waandishi wa michezo walitumie, kwa mpigaji wa Chicago na kwa mshambuliaji wetu wa soka aliyehamia klabu nyingine dirisha la usajili lilipofunguliwa. Mtu akiinuka, tuandike kwanza kwamba amerejea. Kiambishi cha kutendesha tukiweke siku tutakapojua nani alitenda nini.