Kopo la Mshono wa Kukunjwa

Kopo la kushoto ni la karne ya 19, miongo kadhaa baada ya Peter Durand kupewa hataza ya kuhifadhi chakula kwenye makopo Uingereza mwaka 1810. Chakula kilisukumwa kupitia tundu dogo la juu, kisha fundi akaliziba kwa lehemu yenye risasi. Matone yake yaliweza kudondokea chakulani, na hiyo ndiyo kasoro iliyowasumbua wengi.

Kopo la kulia lilienea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mdomo wake u wazi kabisa. Nyanya nzima inaingia bila kupondeka. Mashine hukunja ukingo wa kifuniko pamoja na wa kopo mara mbili, katikati pakiwa na tabaka jembamba la mpira. Lehemu ikabaki ubavuni tu, kwa nje.